Watoto wanamaliza haraka na kila mradi unaishia kuwa bango: nifanyeje?

Swali: Nafundisha kundi la watoto tisa wa darasa la tatu hadi la tano waliochaguliwa kwenye programu ya wenye vipaji. Tunakutana mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, na muda huo wanatolewa kwenye masomo yao ya kawaida. Tumefanya miradi ya volkano, sayari na wanyama walio hatarini kutoweka. Kila mara tunapata bango zuri la karatasi ya manila lenye maneno yaliyonakiliwa. Wawili wanamaliza siku ya kwanza, mmoja anachana karatasi na kulia akikosea, na kuna kundi ambalo mtoto mmoja hubeba kazi yote. Nichague miradi ya namna gani, na niiendesheje?

Jibu: Mwalimu, bango si kosa la watoto. Ukiwaambia "fanyeni mradi kuhusu volkano" umewapa mada, swali hukuwapa. Mada haina mahali pa kukwama, kwa hiyo mtoto mwepesi anafanya jambo la busara kabisa: anatafuta palipoandikwa vizuri, ananakili, anapamba, anamaliza. Amemaliza siku ya kwanza kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja. Ukimwongezea mabango mawili zaidi utakuwa umemwadhibu kwa wepesi wake, na mradi unaofuata atajua kujikokota.

Kwa hiyo kabla ya kukubali mradi wowote, jiulize kama jibu lake limeshaandikwa mahali. Likiwa limeandikwa, hiyo ni kazi ya kusoma. Ni nzuri, ila siyo mradi. Kundi hili linahitaji swali ambalo jibu lake litatoka mikononi mwao: wapime, wahesabu, wajenge na kubomoa, kisha waamue wenyewe wanadai nini na kwa ushahidi upi. Na afadhali wewe pia usiwe na jibu kamili. Watoto hawa wanasoma uso wa mwalimu haraka kuliko wanavyosoma kitabu. Wakijua unalo jibu, watatafuta la kwako.

Joseph Renzulli, wa Chuo Kikuu cha Connecticut nchini Marekani, alieleza mpangilio huu mwaka 1977 kwa aina tatu za shughuli. Ya kwanza ni kuwaonjesha watoto mambo mengi wasiyokutana nayo darasani. Ya pili ni kuwafundisha stadi: kupima, kurekodi, kuhoji, kupanga hoja. Ya tatu ni uchunguzi wa kweli wa mtoto mmoja au kundi dogo, wenye matokeo yanayomfikia mtu anayeyahitaji. Mwaka uliofuata aliandika kwamba kipaji huonekana pale vitu vitatu vinapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kujitoa katika kazi. Hicho cha tatu ndicho kinachopotea kwenye mabango yako. Mtoto haji nacho begani kila asubuhi; kinamjia akikutana na swali linalomshika. Na miradi mingi huharibika kwa kuruka kutoka kuonja hadi kuzalisha, stadi zikiachwa katikati. Watoto wako waliiona volkano, wakaambiwa watoe kazi. Kazi ipi, ikiwa hakuna aliyewafundisha kupima chochote?

Malizana kwanza na mwalimu wa darasa lao. Mtoto akirudi na kukuta lundo la mazoezi yaliyompita, saa yako inageuka mzigo. Njia nyepesi ni hii: mwalimu achague maswali matano magumu kuliko yote katika zoezi la siku hiyo, na mtoto aanze na hayo. Akipata manne, zoezi lililobaki asamehewe. Akipata matatu, abaki afundishwe na wenzake bila lawama. Iandikwe amesamehewa nini na lini. Tatizo kubwa hapa ni kumsamehe mtoto kwa sifa, "huyu ana akili", bila kumpima. Mwaka mmoja baadaye inagundulika kuwa hakuwahi kujifunza kugawanya kwa njia ndefu, na aibu inakuwa yake.

Ukiwa na wiki 8 una vipindi 16. Tumia 2 kuonjesha, 4 kufundisha stadi, 2 kutafuta na kukaza swali, 5 kwa kazi yenyewe, 2 kurekebisha na kuandaa, 1 kuonyesha. Utatamani kula vile viwili vya swali ili kazi ianze mapema. Usivile. Swali legevu halirekebishiki likishaanza kufanyiwa kazi.

Umbo la swali lina nguvu kuliko mada. Swali linaloanza na "kwa nini" humpeleka mtoto kitabuni. Linaloanza na "je, nikibadilisha hiki, kile kitabadilika kiasi gani" humpeleka mezani. Chukua huyo anayependa volkano. Usimwambie aache. Muulize anachokipenda hasa. Akisema ni umbo la mlima, muulize mbona mingine ina mteremko mkali na mingine, kama Mauna Loa kule Hawaii, imelala mipana kama ngao. Kutoka hapo mnaweza kufika kwenye swali la mezani: je, ukubwa wa chembe unabadilisha mteremko wa rundo?

Sasa ana kazi. Atahitaji mchanga mkavu, machekeche mawili yenye matundu tofauti, faneli, na sahani bapa yenye kipenyo cha sm 20. Anamimina taratibu katikati mpaka mchanga uanze kumwagika ukingoni, kisha anapima kimo cha kilele. Hesabu za pembe za sekondari hazihitajiki: anachora pembetatu yenye kitako cha sm 10 na kimo alichopima, kwa vipimo halisi, halafu anaweka kipimapembe. Mchanga mkavu kwa kawaida utampa nyuzi 30 hadi 35, yaani kimo cha sm 6 hadi 7. Akipata 50, mchanga una unyevu. Utandazwe kwenye karatasi hadi kesho. Akipata rundo lililobonyea juu, faneli ilikuwa juu mno na chembe zinagonga kilele zikikibomoa. Mdomo wake ukae sm 2 au 3 juu ya rundo na upande pamoja nalo. Kila aina ya mchanga irundikwe mara tano. Mwishoni mwambie aandike sentensi moja kuhusu kile ambacho rundo lake haliwezi kusema: linafanana na milima iliyotokana na vipande vilivyorushwa na kuanguka, na halihusiani na ile iliyotokana na lava nyepesi inayotiririka mbali. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko bango zima la rangi nyekundu.

Kwa vile vipindi vinne vya stadi, napendekeza pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, na wote tisa waifanye. Haihitaji kifaa cha maabara, inafundisha kupima kuliko kitu chochote ninachokijua cha umri huu, na inawakosesha wote kwa pamoja mara ya kwanza, jambo ambalo utaona faida yake baadaye.

Funga nati ya chuma kwenye uzi usiovutika, na ncha ya juu ibanwe kati ya vipande viwili vya mbao au chini ya kitabu kizito ukingoni mwa meza. Usiizungushe kwenye msumari: uzi unajizungusha na kujifungua unapobembea, na urefu unabadilika bila mtoto kuona. Urefu upimwe kutoka pale uzi unapobanwa hadi katikati ya nati. Wengi watapima hadi juu ya nati. Kwenye uzi wa sm 25 kosa la sm 2 linaupindisha muda kwa karibu asilimia 4, nao watadhani fizikia ndiyo imekosea.

Kisha muda. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi. Usiruhusu mtu apime mbembeo mmoja, maana kidole kinachelewa kubonyeza saa na kinachelewa kuisimamisha. Wapime mibembeo 10 wagawanye kwa 10. Kosa la kidole nalo linagawanyika kwa 10. Na hapa kuna mtego ambao utawakamata angalau watoto watatu kati ya tisa wako: wanaachia nati na kusema "moja!" Nati haijabembea hata mara moja. Wakisimamisha saa kwenye "kumi" wamepima mibembeo tisa. Waanze kwa "sifuri". Usiwasahihishe papo hapo. Waache wabandike majibu ukutani, waone kundi moja liko chini ya mengine kwa sehemu moja ya kumi katika kila urefu, na wao wenyewe waulizane. Mtoto aliyeipata sababu hiyo kwa macho yake hatahesabu vibaya tena maisha yake yote.

Nati ivutwe kidogo tu, kwa pembe ya nyuzi 20 au pungufu. Wakiivuta hadi nyuzi 60 muda unarefuka kwa asilimia 7 hivi, nao watadhani uzi umebadilika.

Sasa wape kazi: tengenezeni pendulamu inayobembea mara 60 kamili kwa dakika moja. Waanze na uzi wa sm 100. Watapata karibu sekunde 2 kwa mbembeo. Karibu wote watasema kwa uhakika kwamba nusu ya muda ni nusu ya urefu, watakata hadi sm 50, na watapata sekunde 1.4. Kimya kinachofuata hapo ndicho ulichokuwa unakitafuta tangu miradi ya sayari. Wengine watakata ovyo, sm 40, sm 30, mpaka wafike karibu na 25. Mmoja au wawili watasimama, watachora jedwali, na kuona kwamba robo ya urefu ndiyo inayotoa nusu ya muda. Hao wawili ndio wanaomaliza siku ya kwanza. Wasipewe pendulamu nyingine ya kupima. Waambie watabiri muda wa sm 36 na wauandike kwa kalamu kabla ya kugusa uzi. Ukikaribia sekunde 1.2 wameshika kanuni. Ukienda mbali, wana kazi ya kweli ya kutafuta walipoteleza. Baada ya hapo, na siyo kabla, waambie kwamba mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alijenga saa ya pendulamu mwaka 1656 kwa kuitegemea tabia hiyohiyo. Historia ikitangulia inakuwa dondoo la kunakili tena. Ikifuata wanaipokea kama habari za mwenzao.

Kwa mradi mkuu, pale watoto wanapoandika Kiswahili, ninaupenda kuliko yote mradi wa maandishi ya siri, kwa sababu lugha yao wenyewe ndiyo inakuwa maabara, na data haiishi. Wanaanza kwa kujenga kifaa: miduara miwili ya kadibodi, mmoja wa kipenyo cha sm 12 na mwingine wa sm 9, iliyoshikwa katikati kwa pini, herufi zikizunguka kila mduara. Mduara mdogo ukisogezwa nafasi tatu, kila herufi inasomeka kama nyingine. Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, alitumia mruko huohuo wa herufi tatu.

Kabla ya kukata chochote, waache wahangaike na mgawanyo. Alfabeti yenye herufi 26 inadai 360 igawanywe kwa 26, na jibu ni nyuzi 13.85 hivi. Kipimapembe cha mtoto hakisomi hivyo. Watazungushia 14, watapima 14 baada ya 14, na nafasi ya mwisho itabaki na nyuzi 10 tu, herufi Z ikibanwa pembeni. Kwenye mduara wa pili itabanwa mahali pengine, na kifaa hakitalingana kikizungushwa. Makosa madogo yanayojumlishwa: hilo ni somo zima, na tiba yake ni kupima kila mstari kutoka sifuri, si kutoka kwa jirani yake. Lakini mpe nafasi anayetazama herufi zenyewe. Kiswahili hakitumii Q wala X. Zikiondolewa zinabaki 24, na 360 kwa 24 ni 15 kamili. Usiliseme hili. Nenda dirishani, usubiri.

Kwa herufi hizo 24 na mruko wa tatu, "WATOTO WANACHEZA UWANJANI" inakuwa:

ADWSWS ADRDFKHCD YADRMDRL

Mpe sentensi hii mtoto ambaye hajui mruko. Wanaoanza hujaribu mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa miruko yote iko 23 tu, watafika. Hiyo ni nguvu. Sasa waombe akili. Ni herufi ipi inayojirudia kuliko zote? D, mara sita kati ya herufi 23. Katika Kiswahili A ndiyo inayotawala, kwa hiyo D huenda ni A, na mruko umejulikana kwa jaribio moja. Je, maneno yanaishia na nini? S, D na L. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, basi hizo tatu ni irabu. Na herufi C, katika maneno ya kawaida ya Kiswahili, haisimami bila H nyuma yake. Kwenye maandishi marefu ya siri, herufi inayofuatwa na mwenzake mmoja yuleyule kila inapotokea imejitaja jina. Njia hii ya kuhesabu marudio ya herufi ilielezwa na mwanazuoni Al-Kindi wa Baghdad katika karne ya 9, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuifikia kwa penseli na subira.

Kuanzia hapo swali linakuwa lao. Je, A inaongoza katika kila aina ya maandishi, ushairi kama habari za michezo, barua kama kitabu cha sayansi? Baada ya A inafuata ipi? Ujumbe ukiwa mfupi kiasi gani ndipo njia ya kuhesabu inashindwa? Hilo la mwisho ni tamu sana, kwa sababu wanaweza kuandika ujumbe wa herufi 20, 40, 80 na 160, ishirini ya kila urefu, na kuhesabu ni mara ngapi A imeongoza. Sina jibu la kukupa. Litatoka kwenye maandishi watakayochagua.

Hesabu inaharibika kwa njia zinazojulikana. Mtoto anahesabu peke yake, anapoteza mahali, na kuendelea kwa kubuni. Basi kila maandishi ya herufi 500 yahesabiwe na wawili, kila mmoja kivyake, kwa vijiti vya tano tano, na majumla yalinganishwe. Yakitofautiana kwa zaidi ya herufi mbili au tatu warudie mstari kwa mstari. Anayechagua maandishi yenye jina moja linalojirudia, tuseme Zuhura katika kila sentensi, atapata Z na U nyingi kupita kiasi. Usimkataze, muulize tu anadhani zimetoka wapi. Na waamue mapema, wakiandika uamuzi wao, kama vichwa vya habari na majina ya kigeni yanahesabiwa. Kubadilisha kanuni katikati ya hesabu ndiko kunakoharibu data kuliko kukosea kujumlisha.

Njia hiyohiyo ya kugawana inatibu kundi linalombebesha mtoto mmoja. Kundi liwe la wawili au watatu. Wa nne daima anabaki bila kitu mkononi. Usigawe vyeo, "wewe katibu, wewe mwenyekiti", maana mwenyekiti hana cha kufanya ifikapo dakika ya ishirini. Gawa data. Kila mtoto awe na maandishi yake, au nyuzi zake tatu za urefu tofauti, au mchanga wake, na jedwali la kundi libaki na tundu mpaka alete namba zake. Mwenye bidii hawezi kuliziba tundu hilo usiku mmoja akiwa nyumbani, kwa sababu hana mchanga wa mwenzake.

Huyu anayechana karatasi anahitaji uangalifu wako zaidi ya wote. Mara nyingi ni mtoto ambaye amekuwa akipata kila kitu bila kujaribu, kwa hiyo kosa kwake ni mgeni mbaya aliyeingia bila kubisha. Kumwambia "si kitu" hakumfikii; kwake ni kitu kikubwa. Badilisha mazingira ya kazi. Ondoa kifutio na penseli kwenye daftari la mradi, aandike kwa kalamu, kosa lipigwe mstari mmoja na libaki likisomeka. Kila kazi iandikwe juu yake "toleo la 1", na toleo la 2 lisianze mpaka la kwanza liwe na kasoro tatu zilizoorodheshwa na mwenyewe. Sasa kasoro ni tiketi, na toleo lisilo na kasoro linamchelewesha. Weka kikomo cha dakika 10 kwa toleo la kwanza, kalamu chini saa ikilia. Na unakumbuka ile sm 50 ya pendulamu? Nilisema iwakoseshe wote siku moja. Mtoto huyu akimwona mwenzake anayemwogopa naye akikosea kwa sauti, mezani, kosa linaanza kuwa mali ya kazi badala ya kuwa siri yake. Ukimsifu, sifu alichofanya, "umepima mara tano kabla ya kusema", usisifu akili yake. Akisifiwa akili, kila kosa linalofuata linakuwa ushahidi kwamba hana.

Daftari liwe jepesi, vinginevyo litakufa wiki ya pili. Mistari mitatu kila kipindi: nimefanya nini, namba zangu ni zipi, kinachofuata ni kipi. Namba ziandikwe moja kwa moja daftarini. Zikipitia kwenye karatasi ya pembeni zitapotea, au zitasafishwa njiani ili zifanane na alichotarajia.

Tangaza siku ya kwanza kwamba mapambo hayana alama hata moja, kisha uwe mkweli hata likija pambo la kupendeza. Pima swali, njia, ushahidi, na kilichobadilika katika mawazo ya mtoto. Kwa ushahidi, kwa mfano: amepima mara moja, ngazi ya 1, amerudia lakini hakuona tofauti kati ya vipimo, ngazi ya 2, ameona tofauti na kuieleza, ngazi ya 3, ameipata sababu na akabadilisha njia yake ya kupima, ngazi ya 4. Waandikie maneno hayo wayabandike ndani ya jalada. Mtoto mwepesi akijua ngazi ya 4 inadai nini, hataki tena kumaliza siku ya kwanza.

Kuonyesha nako kubadilike. Wazazi watapiga makofi kwa chochote, na watoto wanalijua hilo. Tafuta mtu anayehitaji kazi yenyewe: darasa jingine lipelekewe bahasha zenye magurudumu ya siri, jumbe tatu za ugumu tofauti, na ukurasa mmoja wa maelekezo. Siku mbili kabla, wajaribishe bahasha moja kwa mtoto asiye wa kundi. Waliotengeneza wakae kando bila kusema neno. Wanaruhusiwa kuandika tu pale anapokwama. Watatamani kuruka na kumwonyesha. Wazuie kwa upole. Baada ya dakika 15 watakuwa na orodha ya kurekebisha maelekezo ambayo wewe usingeweza kuwapa, na vile vipindi viwili vya kurekebisha ndivyo vya kazi hiyo.

Kipindi chako cha kwanza andaa meza tatu: pendulamu moja ya sm 100 iliyokwisha kufungwa, sahani ya mchanga na faneli, na ile sentensi ya siri iliyoandikwa kwa herufi kubwa bila maelezo yoyote. Dakika 12 kila meza, watoto watatu watatu, huku ukizunguka bila kujibu chochote zaidi ya "umejuaje?" Zile dakika zilizobaki, kila mtoto aandike sentensi tatu zinazoanza na "Ningependa kujua kama…" Kusanya karatasi hizo uzihifadhi. Utazirudisha kwao kwenye kipindi cha saba, wakishajua kupima, wachague moja na kuikaza.